Shokapu za mbele za pikipiki: mafuta, springi, vali au seti nzima?

Malalamiko kuhusu shokapu za mbele huwa ya namna mbili, na yakichanganywa ndipo hela inapopotea. Mmoja anasema pikipiki yake inainama mno akishika breki, na akiingia kwenye shimo inagonga mwisho, yaani shokapu inamaliza kushuka na chuma kinapiga chuma. Mwingine anasema shokapu ni ngumu: akipita kwa kasi kwenye rasta, vile vimatuta vidogo vilivyopangwa barabarani, mikono inakufa ganzi. Cha ajabu ni kwamba pikipiki moja inaweza kuwa na kasoro zote mbili kwa wakati mmoja, na zile zilizojaa barabarani kwetu, Boxer, TVS, Honda CG za zamani na nyingi za Kichina, ndivyo zilivyo.

Sababu iko ndani ya bomba. Kila upande una bomba la kromu linaloingia kwenye mguu wa chini. Ndani mna springi ndefu, mafuta, na fimbo yenye matundu iliyofungwa kwa bolti chini kabisa. BMW R12 ya mwaka 1935 ndiyo pikipiki ya kwanza kuuzwa ikiwa na shokapu za bomba zinazotulizwa na mafuta, na kwa pikipiki za bei ya chini wazo la msingi bado ni lilelile. Springi inabeba uzito. Mafuta, yakilazimishwa kupita kwenye matundu, yanaizuia springi isirukeruke.

Tundu halibadiliki ukubwa, lakini kasi ya mafuta hubadilika, na hapo ndipo penye kisa. Kasi ikiongezeka mara mbili, upinzani huongezeka kama mara nne. Ukishika breki, shokapu inashuka polepole, mafuta yanapita kwa raha, na hakuna cha kuizuia isiiname. Ukigonga ukingo mkali wa rasta kwa kilomita 60 kwa saa, gurudumu linataka kupanda ghafla, mafuta hayawahi kupita, na kwa kitambo kidogo shokapu inakuwa chuma kitupu. Pigo lote linakuja kwenye usukani. Kwa hiyo kinachoponya kuinama kwa kuyabana mafuta kitazidisha ganzi ya mikono, na kinachopunguza ganzi kwa kuyalegeza kitazidisha kuinama. Karibu kila uamuzi hapa chini unarudi kwenye mvutano huo.

Kabla ya kununua chochote

Anza na vitu vinavyosingiziwa shokapu. Upepo wa tairi ukizidi, pikipiki inadunda hata shokapu zikiwa nzuri kiasi gani. Beringi za shingo ya usukani zikilegea, utasikia "ko!" kila ukishika breki, na wengi hubadilisha bure sili, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje kwenye bomba. Inua gurudumu la mbele, shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta na sukuma. Kikicheza pale shingoni, tatizo si shokapu. Angalia pia madigadi. Kwenye pikipiki nyingi ndogo kile chuma kinachoshikilia madigadi ndicho kinachoifunga miguu miwili isijipinde kila mmoja kivyake. Aliyevunja madigadi akaweka ya plastiki inayoning'inia kwa bolti mbili amepoteza uimara ambao springi ya bei yoyote haiwezi kuurudisha.

Halafu kuna suala la abiria. Bodaboda wengi wanaomba mbele pawe pagumu kwa sababu wanapiga mshikaki, yaani wanapakia abiria zaidi ya mmoja. Lakini uzito wa abiria unakaa karibu na gurudumu la nyuma, na sehemu kubwa yake inabebwa na shokapu za nyuma. Mzigo uliofungwa nyuma ya ekseli unafanya zaidi ya hapo: unainua mbele. Nyuma ikizama, pembe ya shokapu za mbele inalala, usukani unakuwa mwepesi wa kuyumba na mzito wa kuitikia kwenye kona, na dereva anadhani mbele ndiko kulikochoka. Huyo aanze na springi za nyuma. Anayebeba gunia juu ya tangi, mbele ya tumbo lake, ndiye mwenye haki ya kulalamikia mbele.

Ukishajiridhisha kwamba ni shokapu kweli, pima. Funga kamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye bomba la kromu. Inua mbele mpaka gurudumu liache ardhi, pima bomba linaloonekana kutoka kwenye sili hadi kishikio cha chini, kile kinacholibana bomba chini ya usukani. Shusha, kaa juu na mavazi yako ya kila siku huku mtu akishikilia pikipiki isianguke, pima tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kiasi ambacho pikipiki inazama kwa uzito wako, na inapendeza iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa shokapu, yaani umbali wote inaoweza kushuka. Kwa shokapu yenye mwendo wa milimita 120, hiyo ni milimita 30 hadi 40. Kisha iendeshe kwenye njia yako ya kawaida, uangalie kamba imesukumwa mpaka wapi. Ikifika mwisho mara moja moja kwenye shimo baya, hakuna ubaya. Ikifika mwisho kila siku, springi imeshindwa. Ikibaki nusu ya njia hata baada ya mashimo, una shokapu ngumu kupita haja yako, na kuongeza ugumu kutakutesa.

Kuhudumia ulizonazo

Hili ndilo chaguo la bei ndogo kuliko yote, na ndilo linalorukwa. Kuna pikipiki zinazobadilishiwa mafuta ya injini bila kukosa huku mafuta ya shokapu yakiwa yaleyale ya kiwandani. Yakimwagwa hutoka ya kijivu, yamejaa unga wa chuma kutoka kwenye bushi na springi, na mara nyingi upande mmoja una mafuta pungufu kuliko mwingine. Shokapu ya hivyo hairuki wala haitulii kama ilivyotengenezwa, kwa hiyo huwezi hata kujua kama pikipiki yako inahitaji kitu kipya.

Si kila uvujaji unahitaji sili mpya. Vumbi au tope lililojibana chini ya mdomo wa sili linatosha kuvujisha. Telezesha kipande chembamba cha plastiki ngumu kati ya sili na bomba, kizungushe, kitoe na uchafu wake. Mara nyingine uvujaji unakoma palepale. Lakini bomba likiwa na vidonda vya kutu kwenye eneo ambalo sili inapita, sili mpya itachanika ndani ya muda mfupi. Vidonda vidogo husuguliwa kwa msasa laini sana wenye mafuta, kuondoa ncha tu. Vikubwa maana yake ni bomba jipya. Usiuache uvujaji kwa upande wenye breki ya diski: mafuta yakifika kwenye diski, breki unayoitegemea zaidi imekwenda.

Kwa anayeishi kwenye vumbi, mipira ya kufunika bomba ni uwekezaji wenye faida kuliko sili ya bei mbaya. Haionekani ya kisasa, najua. Inafanya kazi.

Mafuta mazito au kipande cha bomba juu ya springi?

Hizi ndizo kazi mbili ambazo fundi wa kijiweni atakupendekezea, na zinaonekana kama ndugu. Hazifanani hata kidogo.

Mafuta mazito yanapunguza kasi ya shokapu, hayabebi uzito. Ukikaa juu ya pikipiki, itazama kiasi kilekile, itachukua tu muda zaidi kufika. Kuinama kwenye breki kutapungua kidogo, kwa maana ya kuchelewa. Kwenye rasta na barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati la paa, hali inakuwa mbaya: mafuta yaliyokuwa hayawahi kupita sasa hayapiti kabisa, na shokapu ikishuka haipati muda wa kurudi kabla ya pigo linalofuata. Inabaki imejikunja chini, ngumu, na dereva anaamini springi imekufa.

Uzito wa mafuta ya shokapu huandikwa kwa namba, na kubwa ni zito zaidi. Kutoka 10W kwenda 15W ni hatua ya busara kwa mtu mzito anayekaa kwenye lami, au kwa pikipiki inayodundadunda baada ya kila tuta. Zaidi ya hapo ni adhabu. Na namba hizo zisikudanganye: 10W ya kampuni moja inaweza kuwa nyepesi kama 5W ya nyingine, kwa hiyo ukipata aina inayokufaa kaa nayo. Mafuta ya injini ya 20W-50, ambayo ndiyo yanayomiminwa mara nyingi kwa sababu yapo karibu, ni mazito mara kadhaa kuliko mafuta ya shokapu ya 10W. "20" yake haihusiani na 20W ya shokapu. Ukikosa mafuta yenyewe, ATF ya gia za otomatiki za magari iko karibu zaidi na 10W, na Honda za miaka ya 1970 zilielekezwa kutiwa hiyo hiyo.

Kipande cha bomba, washa, au sarafu juu ya springi ni hadithi nyingine. Watu huamini kinaifanya springi kuwa ngumu. Hakifanyi hivyo. Springi inayohitaji kilo 10 kushuka sentimita moja itaendelea kuhitaji kilo 10 hizo hizo. Kinachobadilika ni pale pikipiki inapokaa: ukiongeza milimita 10 za bomba, mbele inapanda kama milimita 10. Kama kipimo chako kilionyesha kwamba pikipiki inazama milimita 50 ukikaa, na springi ni nzima, kipande cha milimita 10 hadi 15 kitakurudishia mwendo uliokuwa unapotea bure, na utagonga mwisho mara chache zaidi. Kikizidi, shokapu itakuwa imenyooka kabisa muda wote; gurudumu likikuta shimo haliwezi kushuka kulifuata, na kila tuta litaishia na mlio wa chuma juu ya chuma.

Kwa hiyo kati ya hizo mbili, kwa barabara zetu, mimi nachagua kipande cha bomba kuliko mafuta mazito, mradi kimepimwa. Kipo kitu cha tatu ambacho karibu hakigharimu: kiwango cha mafuta. Hewa iliyobaki juu ya mafuta hufanya kazi ya springi ya pili, inayokaza shokapu inapokaribia mwisho. Kuongeza mafuta kidogo sana, kwa namna ambayo usawa wake unapanda milimita 5 hadi 10 kila upande, kunapunguza kugonga mwisho bila kuharibu ulaini wa mwanzo. Pande zote mbili ziwe sawasawa, na usivuke hapo, maana hewa ikibanwa kupita kiasi inatokea kwenye sili.

Springi

Kama kipimo kimeonyesha kwamba hata baada ya kipande cha bomba bado unagonga mwisho, hakuna njia ya mkato: unahitaji springi ngumu zaidi. Kwa maoni yangu hapa ndipo shilingi inapoleta mabadiliko makubwa kuliko kokote kwingine, kwa sababu springi inagusa breki, mashimo na kona kwa pamoja, na tofauti na mafuta mazito haizuii gurudumu kupanda haraka.

Aina ni mbili. Ya kwanza mizunguko yake imeachana sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, na ugumu wake ni mmoja. Ya pili mizunguko inabanana upande mmoja, kwa hiyo inaanza laini na kukaza kadiri inavyobanwa. Hyperpro ya Uholanzi imejijengea jina kwa aina hii ya pili. Öhlins ya Sweden na Race Tech ya Marekani huegemea ile ya kwanza. Kwenye karatasi ile ya kukaza inavutia: laini kwenye vimatuta, ngumu kwenye mashimo. Inamfaa sana mtu ambaye leo yuko peke yake na kesho ana mzigo. Udhaifu wake ni kwamba mafuta yako ni yaleyale kwa mwendo wote: yakitosha kutuliza springi mwanzoni ilipo laini, hayatatosha mwishoni ilipo ngumu. Anayeendesha na uzito uleule kila siku na anapenda pikipiki inayoitikia kwa namna ileile kila kona ataridhika zaidi na ya ugumu mmoja.

Ugumu huandikwa kwa kilo kwa milimita au kwa nyutoni kwa milimita. Kwa kipimo cha kilo, hatua ya 0.1 tu, kutoka 0.7 kwenda 0.8, ni ongezeko la asilimia 14, na utalihisi. Usiruke hatua mbili kwa sababu umechoka kuinama.

Kwa Boxer au TVS ya kazi, kampuni hizo kubwa hazina mengi ya kukupa, na kuagiza kunaweza kukugharimu kuliko shokapu zenyewe. Hapo kuna njia ya mafundi ambayo ina hesabu ndani yake: kukata springi. Springi fupi ni ngumu zaidi. Yenye mizunguko 50 ikikatwa 5, ugumu wake unapanda kwa kama asilimia 11, na nafasi iliyobaki unaijaza kwa kipande cha bomba chenye urefu uleule. Ikatwe kwa diski ya kukatia huku ikipozwa, kamwe isikatwe kwa gesi, kwa sababu joto linaua chuma cha springi. Sehemu iliyokatwa isawazishwe ikae bapa juu ya washa. Usikate zaidi ya hapo: kila mzunguko uliobaki sasa unabanwa zaidi, na ikifika mahali mizunguko inagusana kabla shokapu haijamaliza mwendo, umejitengenezea tatizo baya kuliko la mwanzo. Zote mbili zikatwe sawa, na kama springi zako ni zile za kubanana upande mmoja, usijaribu. Ukikata upande wowote umebadilisha tabia yake yote.

Vali za kuongezea

Ile kasoro ya tundu lisilobadilika ina dawa yake halisi, nayo ni vali inayokaa juu ya ile fimbo, ikishikiliwa na springi kuu. Race Tech ndiyo iliyozipa umaarufu, na YSS ya Thailand ina zake. Ndani yake kuna kisahani kinachobanwa na springi ndogo. Mafuta yakienda polepole, kama wakati wa breki, kisahani kinakaa karibu kimefungwa na shokapu inashikilia. Pigo kali likija, kisahani kinafunguka na mafuta yanapita. Ndiyo sababu vali hii pekee, kati ya vyote nilivyotaja, inaweza kupunguza kuinama na ganzi ya mikono kwa wakati mmoja.

Gharama yake si ya bei tu. Kwa aina nyingi matundu ya fimbo yanatobolewa kuwa makubwa ili fimbo iache kuzuia mafuta na kuiachia vali kazi hiyo, na tundu likishatobolewa halirudi. Nunua fimbo za akiba kwanza. Kipande cha bomba juu ya springi kinapunguzwa kwa kimo cha vali. Kurekebisha ni kufungua shokapu juu, kutoa springi, kuivua vali, kugeuza skrubu, kurudisha. Zaidi ya yote, vali inashughulika na mafuta pale shokapu inaposhuka. Kasi ya shokapu kurudi juu bado inategemea uzito wa mafuta uliyochagua. Na vali juu ya springi isiyokufaa ni hela imetupwa, kwa hiyo springi itangulie daima.

Kwenye pikipiki ya cc 250 kwenda juu inayokimbia safari ndefu za lami yenye rasta, mimi ningeiweka bila kusita. Kwenye ya biashara ya mjini, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sioni itarudisha vipi gharama yake.

Kubadilisha seti nzima

Shokapu nene za pikipiki nyingine, za mwendo mrefu kutoka Yamaha DT 125, au zile zilizogeuzwa juu chini: hapa ndipo vijana wanapopenda kukimbilia, kwa sababu inaonekana. Zilizogeuzwa zina faida ya kweli, maana bomba nene ndilo linaloshikwa shingoni penye nguvu nyingi, kwa hiyo halipindi kirahisi. Lakini kromu yake inakaa chini karibu na gurudumu, mahali kokoto zinaporuka, na sili ikichoka mafuta yanamwagika kuelekea kwenye breki.

Kazi yenyewe haiishii kwenye shokapu. Utahitaji vishikio vyake vya juu na chini, mhimili wa shingo wenye urefu na beringi zinazolingana na fremu yako, ekseli, gurudumu, breki, na gia ya spidomita. Kisicholingana kinapelekwa kwa mkerezaji. Kisha kuna urefu: mbele ikipanda, usukani unakuwa mvivu, ikishuka, unakuwa mwepesi hadi wa kutisha kwenye mwendo. Na baada ya kazi yote hiyo, springi zilizomo zilichaguliwa kwa uzito wa pikipiki nyingine, kwa hiyo unarudi kupima kwa kamba ya plastiki kama mwanzo.

Nani achague nini

Bodaboda wa mjini ahudumie alizonazo, aweke mafuta mapya ya 10W au 15W, mipira ya kuzuia vumbi, kipande cha bomba kilichopimwa kama anazama mno, na hela iliyobaki iende kwenye springi za nyuma. Anayesafiri mikoani na uzito wa zaidi ya kilo 90, springi kwanza, na vali baadaye kama mikono bado inalalamika. Afisa ugani au mtu wa njia za milimani asidanganywe na ugumu. Kinachomfaa ni mwendo mrefu wa shokapu, na hapo kununua pikipiki iliyotengenezwa kwa njia hizo kunaweza kuwa nafuu kuliko kuibadilisha ya lami.

Aliyegonga na bomba likapinda ana suala la peke yake kabisa. Toa mabomba, yaviringishe juu ya kioo. Pengo likionekana, usinyooshe bomba kwa jeki hata fundi akikuapia. Nunua mabomba mawili ya aina moja, yaliyotengenezwa pamoja, na kabla hujalipa pale Kariakoo omba uyaviringishe nayo kwenye kioo cha meza ya duka.